Mwaka Nilipojifunza Kuegemea Mbele

Mwezi uliopita tuliitana sisi wastaafu wa polisi, tukala pilau katika ukumbi mdogo nyuma ya Makadara, tukatazamana nani amenenepa na nani kabaki na meno. Watu walikuwa wameleta picha za zamani, wamezitandaza mezani kama bidhaa. Binti wa mwenzetu mmoja, naye ni askari siku hizi, akaiokota yangu. Katika picha hiyo nimenyoosha mikono yote miwili, nimeshika bastola, mabega yametangulia, makalio yamebaki nyuma, na uso nimeukunja kama mtu anayedai haki yake. "Mama, ni nani aliyekufundisha kusimama hivi?" akaniuliza. Nikajibu, "Sajini Musyoka." Wakati huohuo Musyoka mwenyewe, aliyekuja kutoka Machakos na fimbo yake ya kutembelea, akajibu kutoka upande wa pili wa meza, "Unga wa mahamri." Watu wakacheka. Yule binti akatutazama mmoja baada ya mwingine, nadhani alifikiri uzee umetupanda kichwani. Nikamwambia aniletee chai, kisha aketi nimweleze. Lakini maelezo yangu yalikatizwa na hotuba za watu wanaopenda vipaza sauti, kwa hiyo nayaandika hapa yote, maana ule ndio mwaka ninaojivunia kuliko yote niliyojaliwa, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka huo ulinikuta katika chumba cha simu cha kituo chetu, hapo kisiwani. Kilikuwa chumba chembamba, dirisha limewekwa juu karibu na dari utadhani wajenzi walikusudia tusione kitu, feni yake ina kelele nyingi kuliko upepo. Meza tuligawana mimi na Mghoi, msichana wa Kitaita aliyeimba nyimbo za kwaya chini kwa chini hata akiwa anaandika habari za wizi wa kuku. Kazi yetu ilikuwa kupokea simu, kuwapasha habari wanaume waliotumwa, kisha kukaa kungoja watuambie kulikwenda vipi. Wakirudi walipita mlangoni kwetu wakisimuliana, wakicheka, jasho linawatoka, nasi tuliambulia vipandevipande vya hadithi. Mghoi alikuwa na subira. Mimi sikuwa nayo, na mpaka leo sina. Nilitaka kuwa mtu anayetumwa. Kila simu niliyoiweka chini niliiona kama mlango unaofungwa mbele ya pua yangu.

Basi asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka, kwenye gwaride, Inspekta wetu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa ana wajukuu na wajukuu hawana kosa, alitangaza kwamba kikosi cha kusindikiza mizigo ya bandarini kitaongezwa watu. Atakayetaka ajiandikishe, afunzwe bastola mwaka mzima, na mwisho wa mwaka kutakuwa na mtihani. Nikainua mkono. Wanaume wakageuka kutazama mkono wenyewe, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa na hina ya harusi ya jirani. Inspekta akatabasamu. "Sawa, Mwanahawa," akasema, "nitakuandikisha. Lakini nakuambia mbele ya watu hawa wote: ukishindwa, utarudi kwenye simu na utazeekea hapo. Na mimi sitapoteza risasi tena kwa mwanamke yeyote katika kituo hiki." Tuliporudi chumbani Mghoi hakuimba. Aliniambia, "Dada, mimi nilikuwa nimepanga kujiandikisha mwakani." Hapo ndipo nilipoelewa nimebeba mzigo wa nani.

Renji, ndivyo tulivyouita uwanja wa shabaha, ulikuwa nyuma ya ukuta mrefu upande wa Tudor. Mbele kuna tuta la udongo mwekundu la kupokea risasi, huku nyuma kuna kibanda cha mabati chenye meza, birika la chai na harufu ya baruti isiyotoka hata mvua ikinyesha. Mwalimu wetu alikuwa ndiye huyo Sajini Musyoka, Mkamba mfupi mwenye shingo nene, mtu wa kanisa, aliyefanya kazi Pwani miaka mingi kiasi cha kuitikia salamu zetu zote mpaka mwisho bila kuharakisha. Siku ya kwanza aliwapanga wanaume mstarini, akapita nyuma yao mmoja mmoja. Kila aliyesimama vibaya alimwekea kiganja kati ya mabega, akamsukuma mbele, akamshika viwiko akavilegeza, akampiga teke dogo la mguu apanue hatua. Aliponifikia mimi, nikamwambia kwa adabu zote, "Afande, naomba usiniguse." Musyoka hakukasirika, wala hakushangaa. Akaifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, akasema, "Sawa, mama. Nitakufundisha kwa mdomo." Na neno hilo alilishika kama amana. Mwaka mzima ule hakunigusa hata ukucha.

Sijutii kumwambia vile, na ningezaliwa tena ningemwambia vilevile. Lakini wacha niseme kweli: kumfundisha mtu kusimama kwa mdomo peke yake ni kazi ngumu, tena kumfundisha mtu kama mimi. Sisi wasichana wa Mji wa Kale tulilelewa kusimama wima, kidevu juu kidogo, kifua ndani, uzito wote kwenye visigino. Mwanamke wa heshima hajitangulizi. Anaposimama mbele ya watu anajiweka nyuma kidogo, yuko na hayuko, na kitu cha kelele kikitokea anakikwepa kwa mabega kabla hajajua anafanya nini. Ndivyo nilivyoishika bastola: mikono imenyooka mbele mpaka viwiko vimekakamaa, mwili wote umekimbilia nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyejikojolea. Bastola nayo haina heshima. Ukiifyatua inapiga teke, inaruka juu na nyuma, na teke hilo linapita kwenye vifundo vya mikono, viwiko na mabega, likitafuta mahali pa kuishia. Likikuta mwili umeegemea nyuma linausukuma zaidi. Risasi yangu ya kwanza iligusa karatasi. Ya pili ilipita juu ya karatasi. Ya tatu Mungu ndiye ajuaye ilikwenda wapi, maana hata kwenye tuta hatukuliona vumbi lake.

"Nenda mbele," alisema Musyoka. Nikasogea hatua mbele. "Si miguu! Miguu iache hapo. Egemea mbele." Nikainamisha kichwa kama mtu anayechungulia kisima. "Si kichwa, mwili!" Nikabenua kiuno, tumbo likatangulia, mabega yakarudi nyuma kuliko mwanzo, wanaume wakajishika mbavu. Musyoka alisimama mwenyewe akanionyesha: miguu imeachana upana wa mabega, mmoja nyuma kidogo, magoti yamelegea, mabega yamepita mbele ya nyonga, uzito kwenye nyayo za mbele. Nilimtazama, nikaona, nikaelewa kila kitu. Kisha nikasimama vilevile nilivyolelewa. Macho yangu yalikuwa yameelewa na mgongo wangu ulikuwa haujapata habari. Miezi ikapita hivyo. Kila wiki nilirudi kwenye chumba cha simu na mabega yanayouma, na Mghoi akinitazama usoni alijua asiulize.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Rehema, kichochoroni, ukitoka Ndia Kuu unapinda mara moja. Chumba kilikuwa na dirisha la mbao la kufungua kwa juu na chini, na chini ya dirisha ndipo ilipokuwa baraza ya mawe walipokaa jirani zetu wawili kila alasiri, wakichambua mchele na kuchambua watu. Nilikuwa natoka kwenda kazini nimevaa buibui juu ya sare, nikidhani nimejisitiri, kumbe buti zilikuwa zinanitangulia. Siku moja nimejilaza, dirisha la chini li wazi, nikawasikia. "Huyu mwana wa Rehema wa juu, yuwaenda kupiga bastola ati." "Yeye? Kuku tu hawezi kumtinda, yuwafumba mato!" "Wasema wenziwe wamteka huko. Risasi zake zaenda kwa ndege." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilikasirika, nikataka kufungua dirisha la juu niwamwagie maji, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba habari zao zilikuwa sahihi. Kuhusu kuku nisiyeweza kumchinja, kuhusu wenzangu kunicheka, na kuhusu ndege.

Bi Rehema mwenyewe hakunicheka. Yeye alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mpishi wa mahamri aliyejulikana mtaa mzima, na hakupenda habari za bastola hata kidogo. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "mkono wa mwanamke ni wa kulisha." Lakini kila siku baada ya swala ya alfajiri alinibishia mlango, kwa kuwa kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeanza kuvimba na hakuweza tena kukanda unga peke yake. Nikashuka uani. Hapo palikuwa na meza ya mbao nzito iliyofika kiunoni, juu yake beseni kubwa la bati, na ndani ya beseni unga, hamira, sukari, hiliki iliyopondwa na tui la nazi lililotiwa moto kidogo. Yeye aliketi kwenye kibao pembeni akichochea mkaa chini ya karai, akinisimamia kwa mdomo. "Usiupapase! Unga si shavu la mtoto. Usukume!" Nami niliusukuma. Kabla jua halijaingia uani, unga ulikuwa umelainika umekuwa mmoja, nikaufunika kwa kanga uumuke, nikaenda kuoga, nikavaa sare, nikala mahamri ya moto na mbaazi za nazi, nikaenda zangu kushindwa.

Ilikuwa katikati ya mwaka, siku ya mapumziko yangu, ndipo mambo yalipogeuka. Watu walianza kupanga foleni mlangoni mapema, na mahamri ya kwanza yalikuwa yanakaribia kwisha, kwa hiyo Bi Rehema aliniambia nikande beseni la pili. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na ule wa uani pia. Musyoka, ambaye hakujua hata kidogo kwamba naishi nyumba ile, alikuwa ametumwa na wenzake kununua mahamri ya chai. Nilimsikia akipiga hodi, akimsabahi Bi Rehema kwa "subalkheri, mama," naye akiitikia "subalkheri, baba, ngoja kidogo, yaja ya moto." Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nimo kazini, leso kichwani, mikono imezama mpaka vifundoni, sina habari. Ghafla ikapigwa sauti ya gwaride kutoka mlangoni: "Simama hivyohivyo! Usijongee! Mwili huo ndio ninaoutafuta tangu Januari!"

Msomaji, nakuomba ujiweke mahali pa Bi Rehema. Nyumbani kwake, asubuhi na mapema, mwanamume mgeni, mbele ya foleni nzima ya majirani, anamwambia mpangaji wake mwanamwali maneno yale. Alichukua mwiko wa kutolea mahamri, mafuta yakiwa bado yanachuruzika, akasimama kati yetu. "We baba! Nyumba hii ina heshima zake! Ulijia mahamri au ulijia nini?" Wale jirani wawili wa barazani walikuwa wamekwisha kuingia mpaka ukumbini, macho yamewatoka, maana riziki kama ile haiji kila siku. Maskini Musyoka, na shingo yake nene, alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. "Hapana, mama, hapana, unisamehe," akasema, "huyu ni askari wangu. Nimekuwa nikimwomba asimame hivi miezi yote hii, hawezi. Na hapa anasimama. Mwanahawa, usijongee tafadhali. Sikiza mwili wako. Miguu yako iko wapi?"

Sikujongea. Nikausikiliza. Miguu yangu ilikuwa imeachana, wa kulia umerudi nyuma kidogo, kisigino chake kimenyanyuka sakafuni. Magoti yalikuwa laini. Kiuno kimerudi, mabega yamekuja mbele, yameshuka, hayakugusa masikio. Viwiko havikukakamaa, vilikuwa na mkunjo mdogo, na nguvu yote ilikuwa inatoka kwenye nyayo, inapanda mgongoni, inashuka kwa mikono mpaka kwenye unga. "Sasa sukuma," alisema Musyoka kutoka mlangoni, huku mwiko wa Bi Rehema ungali unamlenga kifuani. Nikasukuma. Unga ukaenda, kisha ukarudi kidogo, kama ufanyavyo unga uliokandwa vizuri. "Ukirudi, wewe unaenda nyuma?" akauliza. "La, afande." "Unafanya nini?" Nikafikiri. Sikuwahi kujiuliza. "Nipo tu," nikamwambia. "Unga warudi, wanikuta nipo." Musyoka akapiga makofi. "Basi! Hiyo ndiyo bastola!" Bi Rehema akaushusha mwiko, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamwambia Musyoka, "Haya, ndoo hapa mwanangu uchukue mahamri yako, usiniharibie unga kwa makelele." Na alimzidishia, jambo ambalo sijamwona akimfanyia mtu mwingine.

Nikikaa sasa nikiwaza, naona kwamba sikufundishwa jambo jipya asubuhi ile. Mwili wangu ulikuwa unajua kutangulia, ila ulikuwa umeruhusiwa kutangulia jikoni tu. Mbele ya beseni hakuna aliyeniambia nijiweke nyuma. Mbele ya wanaume, mbele ya kelele, mbele ya kitu chenye nguvu, nilikuwa nimefunzwa kurudi. Nilipokwenda renji wiki ile, nilisimama mstarini nikafumba macho kidogo, nikanusa hiliki ambayo haikuwapo, nikaweka miguu kama mbele ya meza ya Bi Rehema. Mkono wa kulia nikaupandisha juu kabisa kwenye mpini wa bastola, wa kushoto nikaufunga juu ya vidole vyake, nikaubana. Nikafyatua. Teke likaja. Bastola ikaruka kidogo, ikarudi yenyewe mahali ilipokuwa, na mimi nipo. Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, na Musyoka akanikaripia kwamba renji si mahali pa kucheka, huku naye amegeuka upande ili nisione meno yake.

Usidhani ilikuwa mteremko tangu hapo. Nilipoacha kuegemea nyuma, ugonjwa mwingine ukajitokeza uliokuwa umejificha chini ya ule wa kwanza. Kabla tu ya kufyatua nilikuwa naisukuma bastola chini, kulipunguza teke ambalo bado halijaja, risasi ikachimba udongo chini ya karatasi. Nilikataa kabisa kwamba nafanya hivyo. Tukabishana mimi na Musyoka kama mke na mume. Basi siku moja alinijazia bastola mwenyewe, akachanganya risasi za kweli na risasi bubu, zile zisizo na baruti, bila kunieleza ipi iko wapi. Nikafyatua, ikalia vizuri. Nikafyatua tena, ikasikika ta! tu, na mbele ya macho ya kikosi kizima mdomo wa bastola ukachovya chini kama bata anayekunywa maji. Hapakuwa na teke lolote la kusingizia. Ulikuwa ni mkono wangu. Waliocheka walicheka, nami nilikaa kibandani nikanywa chai bila sukari na bila kuonja kwamba haina sukari.

Siku hiyohiyo Inspekta alipita renji. Alikuwa ameona. Alisimama mlangoni mwa kibanda, akaniambia kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, "Mwanahawa, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwenye simu tunakuhitaji." Nikasimama, nikampigia saluti, nikamwambia, "Afande, nikishindwa nitakubali. Bado sijashindwa." Alikwenda zake. Nikakaa tena. Musyoka aliyekuwa anasafisha bastola pembeni hakuinua kichwa. Alisema tu, "Unga unaupiga kabla haujarudi?" Nikamwambia la, unga haupigwi, husukumwa polepole, na kurudi hurudi wenyewe ukitaka. "Kifyatulio pia," akasema. "Kibonyeze polepole. Bastola ilie ikitaka yenyewe. Wewe usiipangie saa." Kwa miezi iliyobaki nilifanya hivyo tu. Kwenye chumba cha simu, bastola ikiwa imefungwa ghalani, nilikunja kidole hewani chini ya meza, polepole, polepole, na Mghoi aliyekuwa mbele yangu alipiga kofi mezani ghafla wakati wowote apendao, ili anishtue. Mwanzo niliruka kila mara. Baadaye alipiga mpaka kiganja kikawa chekundu, mimi kidole changu kinatembea tu, na yeye akaanza kuimba tena.

Siku ya mtihani ilikuwa ya jua kali, bila wingu, na tuta lile jekundu lilikuwa linameta. Mghoi alibadilisha zamu na mtu akaja kusimama nyuma ya uzio, ameshika Biblia yake ndogo, na nadhani hakuna aliyeombewa zaidi yangu siku ile katika dini zote mbili, maana Bi Rehema naye aliniaga kwa dua ndefu mpaka nikaogopa kuchelewa. Tulipiga kwa zamu. Wanaume wengine walipiga vizuri, wengine vibaya, na mmoja aliyenicheka sana mwanzoni mwa mwaka alikuwa anaisukuma bastola chini vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi. Nilimwonea huruma kidogo tu. Nilipoitwa, nilikwenda mstarini, nikaweka miguu, nikashusha mabega, nikaegemea mbele mpaka nikahisi ardhi chini ya vidole. Amri ikatoka. Nikabonyeza polepole. Ikalia. Ikarudi, ikanikuta nipo. Nikabonyeza tena. Sikusikia watu, sikuuona uzio, wala sikukumbuka kuna mtu anaitwa Inspekta. Nilipomaliza niliiweka bastola mezani ikiwa tupu, mdomo ukitazama tuta.

Karatasi yangu ililetwa. Matundu yalikuwa yamekusanyika katikati, yameingiliana, ungeweza kuyafunika yote kwa hamri moja. Inspekta aliishika, akaigeuza, akaielekeza kwenye jua, akatazama mstari wa wanaume waliosimama jirani yangu. "Hii ni ya nani?" akauliza. Msaidizi akamwambia ni ya Mwanahawa. "Labda mwenzake wa kando amepiga kwenye karatasi yake," akasema Inspekta. "Inatokea. Tuwekee nyingine, apige peke yake." Nilimwona Musyoka akiifumbata mikono yake nyuma. Aliniachia. Wanaume wote wakarudishwa nyuma ya kibanda, karatasi mpya ikabandikwa, na mimi nikabaki peke yangu kwenye mstari ule mrefu. Sitasema sikuogopa. Niliogopa, tena nilikasirika, na hasira ni mbaya kwa mkono kuliko woga. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Nikasimama kama ninavyosimama ninapokuwa na kazi ya kufanya na watu wanangoja kula. Nikapiga zote, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Safari hii Inspekta alikwenda kuitoa karatasi mwenyewe. Aliirudisha ameishika kwa mikono miwili, akaiweka juu ya ile ya kwanza, na matundu ya pili yalikuwa yamekazana kuliko ya kwanza. Nyuma ya uzio Mghoi akapiga kelele moja ya kanisani ambayo nina hakika ilifika Ndia Kuu. Musyoka alikuwa amelitazama tuta, anapepesa macho kama aliyeingiwa na vumbi. Mimi nilisimama wima sasa, mikono ubavuni, nikamtazama Inspekta usoni, nikamwuliza kwa adabu zote nilizofundishwa katika Mji wa Kale, "Afande, niweke karatasi nyingine?"

Alizikunja zile karatasi. "Hapana," akasema. "Yatosha. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uripoti bandarini." Kisha, akiwa amekwisha kugeuka kwenda zake, akamwambia msaidizi wake bila kunitazama, "Na yule wa kwenye uzio, mwandikishe kwa mwakani."

Kesho yake nilifika bandarini kabla lango halijafunguliwa.